Wimbo Una Mwenyewe: Haki katika Rekodi ya Bendi ya Shule

Msafiri atokaye Sake akaipanda milima ya Masisi kuelekea Kitchanga hupita Kirolirwe, nchi ya malisho mapana na ng'ombe wengi, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya majani mpaka jua liwe limekwisha kupanda. Naomba msomaji anikubalie niweke mahali hapo, kwa mfano tu, shule moja ya sekondari yenye bendi, ile ambayo watu wa Kivu huiita fanfari: tarumbeta nne, moja kati yao kitufe chake kimefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli ili kirudi juu kila kibonyezwapo, ngoma kubwa moja iliyowambwa ngozi ya ng'ombe wa papo hapo, ngoma ndogo tatu, na jozi moja ya matoazi. Mwisho wa mwaka wa masomo umekaribia. Mwalimu wa nyimbo ameiweka simu yake juu ya dawati, watoto wamesimama nusu duara kuizunguka, na nyimbo tano zimerekodiwa, ijapokuwa katikati ya wimbo wa pili chukudu, lile gari la mti la kusukumwa, lililosheheni viazi, lilipita nje ya dirisha, na mlio wa magurudumu yake ya mti ukaingia katika muziki na kubaki humo.

Wimbo wa kwanza ni wa taifa. Wa pili ni mahadhi ya Beethoven. Wa tatu ni rumba ya zamani ya Kinshasa. Wa nne ni wimbo wa arusi wa Wahunde, na wa tano ni wimbo wa shule wenyewe, uliotungwa na mwalimu pamoja na wanafunzi wawili. Kamati ya wazazi inapendekeza rekodi hiyo itiwe katika flashi 200, iuzwe siku ya kutangaza matokeo, na fedha zitakazopatikana zinunue tarumbeta ya tano. Ndipo mama mmoja, aliyekuwa kimya tangu kikao kianze, anapouliza: "Mwalimu, hizi nyimbo ni zetu?"

Swali hilo ni fupi, na jawabu lake halipatikani kwa ndiyo moja wala kwa hapana moja, kwa sababu katika nyimbo hizo tano hakuna mbili zilizo sawa mbele ya sheria. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mwalimu huyo, mama huyo na watoto hao. Watu wengi wa bendi za shule huijua sheria ya hakimiliki kwa sura ya tisho tu, kana kwamba ni askari aliyejificha njiani akingoja kutoza faini. Mimi naiona kuwa ni daftari la kuandikia kila mtu kilicho chake, na naamini kwa dhati kwamba mtoto wa Kirolirwe apigaye tarumbeta yenye ukanda wa mpira ana ukurasa wake katika daftari hilo, sawasawa na mtungaji mashuhuri wa mji mkuu.

Asili ya haki hii

Mwaka 1847, katika mji wa Paris, mtungaji wa maneno ya nyimbo aitwaye Ernest Bourget aliketi na wenzake katika mkahawa uitwao Les Ambassadeurs, akasikia tungo zake zikipigwa ili kuwafurahisha wateja. Alipoletewa hesabu ya kinywaji alikataa kulipa, akatoa hoja kwamba ikiwa mwenye mkahawa anautumia muziki wake bila ujira, basi na yeye ana haki ya kunywa bila ujira. Shauri likafika mahakamani, Bourget akashinda, na mwaka 1851 kikaundwa chama kiitwacho SACEM, chenye kazi ya kuwakusanyia watungaji wa muziki malipo ambayo mtu mmoja peke yake hawezi kuyafuatilia katika kila mkahawa na kila ukumbi.

Baadaye ukaja Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi tarehe 9 Septemba 1886, ambao nchi zilizo ndani yake, Kongo ikiwa mojawapo, zimeahidiana kwamba kazi ya mtungaji italindwa bila ya yeye kulazimika kuisajili popote, na kwamba ulinzi huo utadumu maisha yake yote na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake. Mwaka 1928, katika mji wa Roma, mkataba huo ulizidishiwa jambo jingine lenye adhama kubwa: hata mtungaji akiwa ameuza faida yote ya wimbo wake, hubaki na haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeutunga, na haki ya kupinga usiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Kongo yenyewe inafuata sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo imeshika kipimo kile kile cha uhai na miaka 50. Kazi ya kukusanya ujira ilikuwa ya SONECA tangu mwaka 1969, na mwaka 2011 ikakabidhiwa SOCODA, ambayo makao yake yako Kinshasa, mji ambao mtu wa Kivu huufikia kwa ndege, maana njia ya gari haimfikishi. Ndugu zetu wa Tanzania, waliotunga Sheria Na. 7 ya mwaka 1999, wameipa lugha yetu maneno mawili yenye manufaa makubwa: hakimiliki, ambayo ni haki ya mtungaji, na hakishiriki, ambayo ni haki ya yule aliyeimba, aliyepiga au aliyerekodi. Asiyeweza kuyatenga maneno hayo mawili hawezi kumjibu mama wa Kirolirwe.

Ng'ombe na jibini

Kwa bahati njema watu wa Masisi hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ombe ana mwenyewe. Jibini nayo, ile ya duara iteremkayo kuuzwa Goma, ina mwenyewe pia, naye ni yule aliyepokea maziwa kwa mapatano, akayagandisha, akayakandamiza mpaka maji yakatoka, akaiweka rafuni ikaiva. Mwenye ng'ombe hawezi kuingia ghalani akachukua jibini kwa hoja kwamba maziwa yalitoka kwake. Wala fundi wa jibini hawezi kwenda malishoni usiku akakamua ng'ombe wa watu kwa hoja kwamba yeye ndiye mjuzi wa kazi.

Wimbo ni ng'ombe: maneno yake na mahadhi yake yametoka katika akili ya mtungaji, na haki juu yake ni hakimiliki. Rekodi ni jibini: ni pumzi za watoto hawa, mikono yao, simu ya mwalimu na asubuhi ile moja ambayo haitarudi tena, na haki juu yake ni hakishiriki. Kwa hiyo shule inayorekodi wimbo wa mtu mwingine huwa na mali na huwa na deni kwa wakati mmoja. Haiwezi kuuza nakala bila idhini ya mtungaji, lakini mtungaji naye, au mtu mwingine awaye yote, hawezi kuichukua rekodi ya watoto na kuiuza bila idhini yao.

Tena maziwa ya ng'ombe huyo hukamwa kwa vyombo mbalimbali, na kila chombo kina ruhusa yake. Kuupiga wimbo mbele ya hadhara ni ruhusa moja, na kwa kawaida dhima yake iko juu ya mwenye kuandaa tamasha. Bendi ikialikwa Goma katika tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, jambo hilo humhusu mwandaaji kabla ya kumhusu mwalimu. Kutoa nakala za sauti ni ruhusa ya pili, na ndiyo inayozihusu zile flashi 200. Kuupanga wimbo upya, kwa mfano kuigeuza sauti ya gitaa iwe ya tarumbeta, ni ruhusa ya tatu. Kuuambatanisha na picha zinazotembea ni ruhusa ya nne, nayo ndiyo ambayo wengi huisahau, maana wakishaipata ile ya sauti hudhani kwamba video imo ndani yake. Kunakili karatasi za noti kwa mashine ni ruhusa ya tano, hata kama shule ilinunua kitabu kimoja kwa fedha halali. Aliyepewa moja asidhani kuwa amepewa zote.

Nyimbo tano, majawabu matano

Tuanze na wimbo wa taifa. "Debout Congolais" ulizaliwa pamoja na uhuru mwaka 1960, ukawekwa kando wakati wa Zaire, ukarudishwa mwaka 1997. Watungaji wake, kwa maneno na mahadhi, ni Padri Simon-Pierre Boka na Joseph Lutumba, na hapo pana funzo la awali kwa kila mwanafunzi wa somo hili: wimbo mmoja unaweza kuwa na watungaji wawili, mmoja wa maneno na mmoja wa sauti, na kila mmoja akawa na sehemu yake. Bendera ikipandishwa asubuhi hakuna mwalimu anayeombwa hati. Lakini katika nakala za kuuzwa ni wajibu majina hayo mawili yaandikwe, na rekodi hiyo itajwe katika barua ile ile itakayopelekwa SOCODA kwa ajili ya nyimbo nyingine.

Wimbo wa pili ni mwepesi kuliko yote. Beethoven alifariki mwaka 1827, miaka mitatu baada ya simfoni yake ya tisa kusikiwa kwa mara ya kwanza, na mahadhi yake yamekwisha kuwa milki ya wanadamu wote. Iko tahadhari moja tu: kama mwalimu aliyatoa mahadhi hayo katika kitabu cha noti kilichopangwa na mtu aliye hai kwa ajili ya bendi za shule, basi Beethoven ni wa wote, ila mpango ule una mwenyewe. Mwalimu aliyeyashika mahadhi kwa sikio lake na kuwagawia watoto sauti zao yeye mwenyewe hana anayemdai, na mpango wake mpya ni mali yake.

Wimbo wa tatu ndio mzito. Tuuchukue kuwa ni "Indépendance Cha Cha" wa Joseph Kabasele na African Jazz, uliorekodiwa Brussels mwaka 1960 wakati viongozi wa Kongo walipokuwa katika mkutano wa Meza ya Duara. Kila mzee anaujua na kila redio imeupiga, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba umekuwa kama hewa. Lakini Kabasele alifariki Februari 1983. Ongeza miaka 50, hesabu mpaka mwisho wa mwaka, na utaona kwamba kwa upande wake wimbo utaendelea kulindwa hadi tarehe 31 Desemba 2033. Wako pia wanaodai kwamba tangu UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, Desemba 2021, nyimbo za rumba zimekuwa huru. Hayo ni makosa. Kilichoandikwa ni sanaa yenyewe, desturi ya kuicheza na kuirithisha. Nyimbo za watungaji zimebaki na wenyewe na warithi wao, kama vile kusifiwa kwa jibini ya Masisi kusivyomnyang'anya mfugaji hata ng'ombe mmoja.

Kwa wimbo huu, basi, mwalimu hana budi kuomba. Nchini Marekani shule hurahisishiwa jambo hili, kwa kuwa tangu mwaka 1909 sheria imeweka kwamba wimbo uliokwisha kutolewa katika rekodi unaweza kurekodiwa na mwingine kwa ujira uliopangwa, ambao hapo mwanzo ulikuwa senti 2 kwa nakala, na mwaka 2025 ulikuwa senti 12.7 kwa wimbo usiozidi dakika tano; yaani nakala 200 za wimbo mmoja ni dola 25 na senti 40. Nataja hesabu hiyo ili msomaji aone kwamba haki ya mtungaji, ikipimwa kwa kiasi cha shule, si mzigo wa kuvunja mgongo. Kwetu njia ni barua kwa SOCODA, yenye jina la wimbo, jina la mtungaji, idadi ya nakala, bei na kusudi la mauzo. Na kama warithi wanajulikana, barua ya pili kwao.

Wimbo wa nne, ule wa arusi wa Wahunde, hauna mtungaji anayejulikana, na kwa hiyo wengi huuchukua bila kufikiri. Mimi nawasihi wafikiri zaidi hapa kuliko mahali pengine. Jirani zetu Wanyanga wa Walikale wanayo habari ndefu ya shujaa Mwindo, inayosimuliwa, inayoimbwa na kuchezwa. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliitoa yote kwa siku 12, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaiandika, na mwaka 1969 kitabu kikachapishwa Marekani. Habari ya Mwindo ni ya Wanyanga wote. Lakini namna ile, mpangilio ule na sauti ile vilikuwa vya Rureke, na ni adili kwamba kitabu kimemtaja kwa jina lake, maana waandishi wengi wa siku zile waliandika "mzee mmoja wa kijiji" na kupita. Bendi ya shule na ifuate mfano huo. Wimbo wa jadi ni halali kuupiga. Hata hivyo bibi aliyewafundisha watoto mahadhi yake aandikwe jina, kijiji alikoupokea kiandikwe, na asitokee mtu, mwalimu wala fundi wa studio, akajiandika kuwa mtungaji kwa sababu tu ameongeza tarumbeta mbili. Aliyeongeza tarumbeta ana haki ya tarumbeta zake.

Wimbo wa tano ni wa shule yenyewe, na hapo ndipo watu huona hapana la kusema. Kumbe lipo kubwa. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na mwaka 1897 alitunga wimbo kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905, na huo wimbo wa darasani, "Nkosi Sikelel' iAfrika", ndio ambao mahadhi yake leo yamo katika wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Afrika ya Kusini. Hakuna ajuaye wimbo upi wa shule utavuka milima. Kwa hiyo na iandikwe tangu leo: maneno ni ya mwanafunzi fulani na fulani, mahadhi ni ya mwalimu fulani, tarehe fulani. Sheria haidai kusajili. Lakini haki isiyo na ushahidi ni kama ng'ombe asiye na alama katika zizi la watu wengi.

Yaliyoupata wimbo "Malaika" yanatosha kuwa onyo. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakauimba Ulaya, na wakati wote huo Adam Salim wa Tanganyika alisema kwamba yeye ndiye aliyeutunga katika ujana wake. Wote wawili, Fadhili na Salim, walikuwa na watu wa kuwaamini, na mjadala huo haukukatika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sidhani kwamba iko mali ambayo methali hiyo inaifaa kuliko wimbo.

Watoto wa Kamina

Nimeuacha mwisho mfano ulio karibu zaidi na moyo wa jambo hili, kwa kuwa ni wa wanafunzi wa Kongo hasa. Katika mji wa Kamina, jimbo la Katanga la wakati ule, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kundi la waimbaji lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani Waimbaji wa Mfalme Baudouin, lenye wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14 na walimu wapatao 15. Mwaka 1958 kundi hilo liliimba na kurekodi "Missa Luba", misa ya Kilatini iliyosukwa kwa namna za uimbaji wa Kongo: sehemu moja ikifuata kasala, ambayo ni maombolezo ya Waluba, na Sanctus ikifuata wimbo wa kuagana. Mengi yalizaliwa katika kuimba kwa pamoja, mmoja akianza na wengine wakimjibu, na sauti ya mwalimu Joachim Ngoi ikipanda juu ya zote. Santuri hiyo ikatolewa na Philips, ikasikilizwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza "if....".

Sina nia ya kumlaumu padri, ambaye bila yeye dunia isingesikia lolote. Lakini naomba tulitazame daftari. Jina la mfalme lilikuwa katika jina la kundi. Jina la padri liliandikwa kuwa mtungaji. Jina la kampuni lilikuwa juu ya santuri. Wale wavulana 45, ambao vifua vyao ndivyo vilivyoijaza rekodi ile, dunia iliwajua kwa jumla yao tu. Nani kati yao aliyezua jibu fulani siku fulani ya mazoezi, likapendeza, likabaki? Walimsikia wote waliokuwapo, na kwa kuwa jina lake halikuandikwa, likaenda pamoja nao. Kila nisikiapo Sanctus ile, uzuri wake hunigusa, na pengo lile hunigusa pamoja nao.

Bendi ya Kirolirwe, hata kama haitavuka Goma, isiwe na pengo hilo. Mtoto anayepiga ana hakishiriki katika sauti yake, na kwa kuwa hajafikia umri wa kujifungia mapatano, mzazi au mlezi wake ndiye atiaye sahihi, baada ya kusomewa hati katika lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kihunde au Kinyarwanda. Wala tusisahau kwamba milima hii imeona miaka mingi ya vita, na wako watoto madarasani waliofika wakikimbia kutoka vijiji vingine. Kwa mtoto wa namna hiyo jina na sura katika video vinaweza kuwa heshima, na vinaweza kuwa hatari. Basi majina yote yaandikwe katika daftari la shule, lililofungiwa kabatini. Na katika nakala za kuuzwa liandikwe jina la yule tu ambaye wazazi wake wameridhia. Kulinda haki ya mtoto na kumlinda mtoto ni amana moja.

Hati kabla ya simu

Kwa yote hayo naweza kulikusanya shauri langu katika kanuni moja: hati itangulie, rekodi ifuate. Kila mgogoro niliowahi kuusikia katika jambo hili ulianza kwa watu wema walioahidiana kuandika baadaye. Hati yenyewe haihitaji kurasa nyingi. Itaje nyimbo na watungaji wake. Ni nani waliopiga na chombo kipi. Ni nani aliyerekodi, na kama ni fundi wa studio, iseme wazi kwamba amelipwa kwa kazi yake na rekodi ni ya shule. Nakala ngapi zitatolewa, kwa bei gani, na fedha zitakwenda wapi. Kama video inaruhusiwa au hairuhusiwi. Na ruhusa itadumu kwa muda gani. Prefe, yaani mkuu wa shule, atie sahihi, mjumbe wa kamati ya wazazi atie sahihi, na nakala moja ikae mahali pasipofikiwa na mvua.

Kuna watakaosema: mbona vibanda vya mjini hujaza kadi za simu za watu nyimbo mamia kwa faranga chache, wala hakuna anayemwuliza mtungaji? Ni kweli, nami najua ya kwamba mwalimu mmoja wa milimani hawezi kuifunga biashara hiyo. Lakini na tukumbuke kwamba flashi ya kwanza ya shule ikiuzwa asubuhi, jioni rekodi ya watoto inaweza kuwa imo katika kibanda kile kile. Siku hiyo mwalimu atataka kusimama na kusema: hii ni yetu. Atasemaje, ilhali wimbo wa tatu aliuchukua kwa namna ile ile? Anayeomba haki ya watoto wake lazima aje na mikono safi, na mikono hiyo husafishwa kwa barua moja na majina machache yaliyoandikwa kwa uaminifu.

Aidha kuna faida ya papo kwa papo. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mtambo unaozilinganisha sauti zinazopandishwa na zile zilizowekwa na wenye haki. Bendi isiyo na idhini inaweza kuona video yake imezuiwa, au mapato yake yamekwenda kwa mwingine. Shule ambayo fedha zake ni haba itafanya busara ikianza na nyimbo za namna tatu zisizo na mgogoro: mahadhi ya zamani yaliyokwisha kuwa huru, nyimbo za jadi zilizotajiwa walezi wake, na tungo zake yenyewe. Na hasa hizi za mwisho, maana bendi inayotunga hujifunza thamani ya kutunga, na mwenye kuijua thamani hiyo haibi kwa wepesi.

Sasa turudi katika kikao cha wazazi. Mwalimu amenunua daftari jipya la mistari, na katika ukurasa wa kwanza ameandika majina kwa wino, akianza na mtoto wa tarumbeta yenye ukanda wa mpira. Amemgeukia mama aliyeuliza. "Mama," anasema, "wa tano ni wetu, na waliotunga wameandikwa. Wa nne ni wa wazee wetu, na bibi aliyetufundisha tumemtaja. Wa pili mwenyewe amekwisha kuuacha kwa ulimwengu, na lile chukudu linalosikika ndani yake ni la Kirolirwe. Wa kwanza ni wa taifa, na waliouunda tumewataja wote wawili. Wa tatu tumeuombea kwa barua, na mpaka jawabu lije, flashi zitauzwa na nyimbo nne."